Vijiti Vyekundu Shambani kwa Kiende

Asubuhi za Kibirichia, kijiji cha chini ya mlima, huanza na baridi. Kiende alivaa gamubuti. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akaingia jikoni kuwasha moto. Kitu cha kwanza alichokiona kilimuudhi. Neti nyekundu ya vitunguu, iliyoning'inia ukutani, ilikuwa imekatwa tena. Vitunguu viwili vilikuwa vimeanguka chini.

"Panya hawa!" alisema. "Safari hii nitawawekea sumu."

Binti yake, Kajuju, alikuwa akinywa chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisoma gredi ya sita. Aliinamisha uso kwenye kikombe. 

Kiende alikuwa mchapa kazi. Shamba lake la viazi, ekari moja na nusu, halikuwa na hata unyasi mmoja. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo majirani wote waliijua. Alikuwa mtu wa kushuku. Kuku akichelewa kurudi, ameibwa. Muuza maziwa akitabasamu sana, amepunguza kipimo. Mtu akimsalimia mara mbili kwa siku moja, anataka kitu.

Zamani hakuwa hivyo. Mumewe, Mwendwa, alifariki miaka mitatu iliyopita. Shamba alilomwachia lilikuwa bado limeandikwa jina la baba mkwe, na baba mkwe naye alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo Kiende hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Upande wa pili wa ua aliishi shemeji yake, Kaburu. Kaburu hakuwahi kusema neno lolote kuhusu shamba. Hilo ndilo lililomtia Kiende wasiwasi.

"Ananyamaza hivyo kwa nini?" alijiuliza kila siku.

Na sasa kulikuwa na huyu mwalimu mpya. Jina lake Mwalimu Wawira. Alitoka Kianjokoma, huko upande wa Embu. Mwanzoni mwa muhula, Kajuju alileta karatasi kutoka kwake.

"Mami, Mwalimu anataka kila mtu awe na jukumu lake," Kajuju alisema. "Kuna wa kufunga mfereji. Kuna wa kupima mvua. Mimi nimechagua viazi. Nitachunguza shamba letu, halafu niandike kwenye daftari. Lakini lazima mzazi akubali, aweke sahihi hapa."

"Aandike mashamba ya watu ili ayapeleke wapi?" Kiende aliuliza.

"Ni projekti tu, Mami."

"Projekti! Mtoto wangu hatafanyia mtu kazi ya bure. Rudisha hiyo karatasi. Na sitaki kuisikia tena hapa."

Kajuju alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba. Kiende hakuisikia tena. Alidhani mambo yamekwisha.

*

Wiki chache baadaye viazi vilianza kutoa maua. Siku ya Jumanne Kiende aliingia shambani kuangalia majani. Alifika mstari wa nne, akasimama ghafla.

Kijiti kilikuwa kimesimama kando ya shina la kiazi. Kilichongwa vizuri. Juu yake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu.

Aliangalia mbele akaona kingine. Akaona kingine tena. Alivihesabu vyote, vikawa ishirini.

Mtu mwingine angeona vijiti vimetawanyika ovyo, kimoja huku, kingine kule. Lakini Kiende alifumba jicho moja. Aliunganisha kijiti cha juu na kijiti cha chini, akapata mstari. Mstari huo ulipita katikati ya shamba lake.

"Kaburu ananipimia shamba!" alisema kwa sauti.

Jirani yake, Jedidah, alikuwa akipita njiani na ndoo. Jedidah hakuwa mtu wa kupita habari bila kusimama. Aliweka ndoo chini.

"Kuna nini, Mama Kajuju?"

"Njoo uone mambo."

Jedidah alikuja, akaona, akashika kiuno. "Hii rangi nyekundu," alisema polepole, "si ndiyo ile ya wapimaji?"

"Nawe umeona hivyo?"

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba walipogawa shamba la kina fulani kule chini, walianza na vijiti. Wiki ya pili wakaja na waya."

Kiende aling'oa vijiti vyote. Alivitia kwenye mfuko, akauficha chini ya kitanda. Jioni alimwambia Kajuju mambo yote.

"Anko wako anataka kutunyang'anya shamba," alisema. "Nimeng'oa vijiti vyake vyote."

Kajuju aliacha kutafuna. "Umeving'oa vyote, Mami?"

"Vyote! Kwani nilitakiwa kuvimwagilia maji?"

Kajuju alisema anaumwa na kichwa, akaenda kulala bila kumaliza sahani yake ya mukimo. Kiende alimhurumia. Alidhani mtoto anaogopa kufukuzwa nyumbani.

Alhamisi, Kiende aliona jambo lingine. Alikuwa akifua nguo. Alipoinua macho, aliwaona watu wawili kando ya ua. Mmoja alikuwa Kaburu. Wa pili alikuwa Mwalimu Wawira, na mkononi alikuwa na daftari. Mwalimu alionyesha shamba la Kiende kwa kalamu. Kaburu alitikisa kichwa, akasema kitu. Mwalimu aliandika.

Nguo iliteleza ikaanguka kwenye matope. Kiende hakuiona. Sasa alijua kwa nini mwalimu yule alitaka kuandika mashamba ya watu.

Jumamosi vijiti vilirudi. Ishirini vingine, vipya, na tepe nyekundu kama mwanzo. Kiende aliving'oa tena, akavitia kwenye mfuko ule ule.

Jumapili, baada ya ibada, waumini wa Kanisa la Methodisti walisimama nje kusalimiana. Kaburu alimnyooshea mkono. Kiende alitazama juu kwenye kengele ya kanisa, akaikagua kana kwamba alitaka kuinunua. Mkono wa Kaburu ulibaki hewani. Watu waliona. Kaburu aliurudisha mfukoni, akaenda zake.

*

Mvua ikazidi. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukakaa siku tatu bila kuondoka. Kila mkulima wa viazi anajua hali hiyo ina hatari gani. Ule ugonjwa unaochoma majani hupenda baridi na unyevu. Ukiingia leo, baada ya wiki shamba ni jeusi.

Kiende hakuwa na pampu ya kunyunyizia dawa. Kila msimu alitumia ya Kaburu. Jumatatu asubuhi Kaburu mwenyewe aliileta hadi mlangoni.

"Mama Kajuju, hii hali ya hewa si nzuri," alisema. "Mimi nimemaliza kunyunyiza. Wewe nyunyiza leo kabla mvua haijarudi."

Kiende aliitazama pampu. Alimtazama Kaburu. Ndani yake kuna nini? alijiuliza.

"Asante, shemeji," alisema. "Viazi vyangu havijambo."

"Vina maua sasa, havitastahimili. Chukua tu."

"Nimesema havijambo."

Uso wa Kaburu ulionyesha maumivu, lakini Kiende alisoma kitu kingine. Alisoma hila. Kaburu alibeba pampu yake, akarudi kwake.

Siku ya nane baada ya hapo, majani ya upande wa mtoni yalikuwa na madoa ya kahawia. Chini ya majani kulikuwa na ukungu mweupe. Siku ya kumi na moja, sehemu ile yote ilikuwa imeungua. Hiyo ilikuwa theluthi moja ya shamba. Kiende alisimama katikati yake na kulia. Viazi hivyo vilikuwa chakula. Vilikuwa pia viatu vya Kajuju, na karo, na kila kitu.

Alikimbia dukani akanunua dawa. Aliinyunyiza kwa kuchovya ufagio kwenye ndoo. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili na haikufika kila mahali. Wakati wote huo pampu ya Kaburu ilikuwa imetundikwa ukutani, hatua hamsini tu kutoka pale.

"Ni yeye," alimwambia Jedidah. "Ameona nimeng'oa vijiti, sasa ananimaliza kwa njia nyingine. Kesho naenda kwa naibu wa chifu. Kaburu ataitwa, na ataeleza mbele ya watu."

Kajuju alikuwa mlangoni ameshika ndoo ya maji. "Mami," alisema. "Anko akiitwa kwa naibu wa chifu, atafungwa?"

"Akifungwa, shauri yake."

Kajuju aliweka ndoo chini taratibu. Maji yalimwagika kidogo miguuni mwake. Hakuyafuta.

*

Ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa chumba kimoja cha mbao. Kulikuwa na meza, benchi mbili na bendera nje. Kiende alikaa benchi moja. Kaburu alikaa nyingine. Naibu wa chifu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alifungua kitabu chake.

"Mama Kajuju, sema shida yako."

Kiende alisimama na kumimina mfuko mezani. Vijiti arobaini vilianguka, vingine vikaviringika hadi sakafuni. Tepe nyekundu zilijaa meza yote.

"Hiyo ndiyo shida yangu," alisema. "Huyu shemeji ananipimia shamba. Anasaidiwa na mwalimu mmoja kutoka Embu. Nimewaona kwa macho yangu. Nilipoving'oa, viazi vyangu vikaungua."

Kaburu aliviangalia vijiti. "Mimi?" alisema.

"Wewe! Unajua sina karatasi. Unajua Mwendwa hayupo."

Mlango uligongwa. Mwalimu Wawira aliingia. Alikuwa mwanamke mfupi, na viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Nyuma yake alikuwa Kajuju, amevaa sare ya shule, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kiende aliruka. "Ndiye huyu! Sasa anamtumia mtoto wangu!"

"Mwalimu, umekuja kutoa ushahidi?" naibu wa chifu aliuliza.

"Hapana," Mwalimu Wawira alisema. "Nimemsindikiza Kajuju tu. Ana maneno yake. Nilimwambia nitasimama karibu naye, lakini sitasema kwa niaba yake."

Chumba kizima kikamtazama mtoto. Kajuju alishika ncha ya sweta yake, akaizungusha kidoleni. Kiende alitaka kumwita aje akae, lakini kitu usoni mwa binti yake kilimzuia.

"Hivyo vijiti ni vyangu," Kajuju alisema.

Naibu wa chifu aliweka kalamu chini.

"Ni mimi niliyevichonga. Ni mimi niliyeviweka. Anko hajui chochote. Tepe nilikata kwenye neti ya vitunguu. Panya hawakufanya kitu." Alimgeukia mama yake. "Na ile karatasi, Mami, ulikataa kuweka sahihi. Mimi mwenyewe niliiandika sahihi yako. Nikampa Mwalimu, nikamwambia umekubali. Ulipong'oa vijiti nilijua, lakini niliogopa. Nikaviweka tena nikidhani utachoka. Halafu viazi vikaungua kwa sababu yangu."

Akaanza kulia. Mwalimu hakumfuta machozi wala hakumkatiza. Alimwekea mkono begani tu.

Kiende aliketi. Alikumbuka neti ya vitunguu. Alikumbuka kichwa kilichouma siku ile. Mambo yote yalikuwa mbele ya macho yake, naye alikuwa akitazama mahali pengine.

"Na mlikuwa mnasema nini pale kwenye ua?" aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mwalimu aliniuliza kama kweli umekubali," Kaburu alisema. "Alisema sahihi imekaa kama ya mtoto. Mimi nikamwambia, Mama Kajuju ni mtu mzuri, nenda umuulize mwenyewe."

"Na mimi sikwenda," Mwalimu Wawira alisema. "Hilo ni kosa langu, Mama Kajuju. Nilishuku sahihi ile. Ilinibidi nitembee hatua chache tu nije kwako. Nikasema, nitakuja wiki ijayo. Kila siku nawaambia watoto, sema kwanza 'ni mimi', halafu tutatengeneza. Basi hapa ni mimi."

Kiende hakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo mbele ya mtoto. Alitafuta hila ndani ya maneno yale. Alitafuta sana. Hakuiona.

Sasa zamu ilikuwa yake, na alijua. Alimtazama Kaburu. Maneno yalikuwa machache, lakini yalikuwa mazito kuliko gunia la viazi.

"Shemeji," alisema. "Aliyekusingizia ni mimi. Mtoto hakunituma. Na viazi viliungua kwa sababu nilikataa pampu yako. Hilo pia ni mimi."

Kaburu aliangalia mikono yake. "Wiki tatu hunisalimii," alisema. "Nilikuwa nalala nikijiuliza. Nilidhani labda nilikosea kwenye mazishi ya ndugu yangu. Ungeniuliza tu, Mama Kajuju. Mimi nakaa hapo tu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini iliniuma."

Naibu wa chifu alifunga kitabu chake. "Hii habari ya karatasi ndiyo mzizi wa yote," alisema. "Baba yenu alifariki, na hakuna aliyeanzisha mambo ya mirathi. Kila mtu analima kwa kukisia. Nitawaandikia barua leo. Mwende nayo mahakamani pamoja, muanze utaratibu, ili kila mmoja apate sehemu yake kwa maandishi."

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo," Kaburu alisema. "Niliogopa. Nilidhani nikitaja shamba, atasema nataka kumfukuza."

Naibu wa chifu alicheka hadi benchi ikalia. Kiende pia alicheka, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka.

*

Kabla hawajatoka, Mwalimu alimgeukia Kajuju. "Umesema kweli. Hiyo ni nusu. Utatengeneza vipi?"

Kajuju alifikiri. "Nitamwomba Mami ruhusa ya kweli. Na nitamwoshea anko pampu yake kila akimaliza kunyunyiza, msimu mzima."

"Na sahihi?"

"Sitaandika tena jina la mtu."

Kiende alimtazama. "Kwanza niambie," alisema. "Vijiti hivyo ni vya nini hasa?"

Walimwacha naibu wa chifu ofisini, wakaenda shambani wote wanne. Kajuju alitoa daftari lake. Kila shina lilikuwa limeandikwa: mstari wa nne, shina la kumi na mbili, mstari wa saba, shina la tatu. Vijiti viling'olewa mara mbili, lakini daftari lilikuwa limehifadhi mahali pa kila kimoja. Mashina saba kati ya hayo yalikuwa upande wa mtoni, nayo yaliungua. Kajuju aliyafuta kwa mstari mmoja wa kalamu.

"Mama Kajuju," Mwalimu aliuliza, "mbegu yako unaipata wapi?"

"Kwangu mwenyewe. Vikubwa nauza. Vya kati tunakula. Vile vidogo vinavyobaki ndivyo ninavyopanda. Kila mtu hapa hufanya hivyo."

"Na mavuno yakoje?"

Kiende alisita. "Yanapungua. Mwendwa akiwa hai tulipata magunia hamsini. Msimu uliopita, ishirini na sita. Mbolea ni ile ile. Nilishuku duka la mbolea."

"Duka halina makosa. Sikiliza. Mmea wenye afya huzaa viazi vikubwa. Mmea mgonjwa huzaa nini?"

"Vidogo."

"Na wewe unapanda viazi vipi?"

Kiende aliangalia shamba lake, mstari kwa mstari. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiuza watoto wa mimea mizima, na kupanda watoto wa mimea migonjwa. Alijihisi mjinga, akasema hivyo waziwazi.

"Si ujinga," Mwalimu alisema. "Hakuna aliyekwambia. Ndiyo maana Kajuju aliweka vijiti. Wakati wa maua, unatembea shambani na kuchagua mashina yenye nguvu, ya kijani, yasiyo na madoa wala majani yaliyojikunja. Unaweka kijiti. Baada ya wiki mbili unarudi. Shina lililougua, unaondoa kijiti chake. Wakati wa kuvuna, unachimba yenye vijiti kwanza, peke yake. Lililozaa viazi vingi vizuri, hivyo ndivyo mbegu. Chagua vyenye ukubwa wa yai la kuku."

Kaburu alionyesha shina moja lililolegea. "Na hili? Udongo una maji, lakini limenyauka."

Mwalimu alimtazama Kajuju. Kajuju alikimbia nyumbani, akarudi na glasi ya maji safi. Alikata kipande cha shina lile kwa kisu, akakishikilia ndani ya maji bila kukitikisa. Wote waliinama. Muda si mrefu, nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye shina.

"Huo ni mnyauko," Kajuju alisema. "Ukiona maziwa hivyo, ugonjwa umo ndani. Hauna dawa. Unang'oa shina na viazi vyake na udongo wake, unatupa kwenye shimo mbali. Hutupi kwenye mbolea. Hapo hupandi tena viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa. Unapanda mahindi au kabichi. Na jembe na gamubuti unaosha."

Kiende alimtazama binti yake kana kwamba ni mgeni aliyefika na zawadi. "Haya yote uliyajua, ukanyamaza?"

"Nilitaka kukwambia, Mami. Ulisema hutaki kuisikia tena."

Kiende alijifuta udongo vidoleni. Alinyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Mwalimu alitoa karatasi mpya. Kiende aliiegemeza kwenye mgongo wa Kajuju, akaweka sahihi yake.

*

Msimu ule mavuno yalikuwa kidogo, kwa sababu ya sehemu iliyoungua. Lakini kati ya mashina kumi na matatu yaliyobaki na vijiti, tisa yalizaa vizuri. Viazi vyake havikuuzwa wala havikuliwa. Kajuju alivipanga kwenye kitanda cha mbao chini ya paa la banda, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Aliviangalia kila jioni. Kimoja kikioza, alikitoa siku hiyo hiyo. Kiende alijizuia asimfanyie kazi hiyo. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kulima.

Mbegu hiyo ilitosha mistari michache. Walirudia msimu uliofuata, na mwingine tena. Walibadilisha mazao pale palipoonekana mnyauko. Msimu wa tatu, Kiende alivuna magunia arobaini na moja. Jedidah alikuja kuona. Alitaka kusema kuna dawa ya siri. Kiende alimpa daftari asome.

Barua ya naibu wa chifu ilifika mahakamani. Kiende na Kaburu walikwenda pamoja kila walipoitwa. Mambo ya mahakama hayana haraka, lakini yalikuwa yakisonga.

Siku moja ya mvua Kiende alikuwa akinyunyiza dawa kwa pampu ya Kaburu. Alipoiweka chini, iliteleza kwenye jiwe. Mpini ulivunjika.

Kiende alisimama na vipande viwili mkononi. Kajuju alikuwa mstari wa pili, akiweka vijiti. Aliona. Alimtazama tu mama yake.

Kiende alivuka ua. Njiani alipanga maneno. Mpini ulikuwa umelegea tangu zamani, atasema. Ni kweli ulikuwa umelegea kidogo. Hakuna ambaye angemlaumu. Alifika mlangoni, na Kaburu akatoka.

"Shemeji," Kiende alisema, "pampu imevunjika. Ni mimi. Niliiweka vibaya. Nitanunua mpini mpya kesho."

Kaburu alipokea vipande. Aliviangalia, akakuna kichwa.

"Mama Kajuju," alisema, "huu mpini ulikuwa na ufa tangu wiki jana. Niliuona nikakupa hivyo hivyo bila kukwambia. Basi hapo ni mimi."

Kutoka ng'ambo ya ua walisikia Kajuju akicheka.

"Tutanunua nusu kwa nusu," Kaburu alisema. "Ingia kwanza unywe chai."

Kiende alivua gamubuti zake zenye matope, akaziacha nje ya mlango, akaingia.